Mashine ya kuchomelea inawaka taa, feni inazunguka, lakini haitoi moto

fundi_kihonda

Habari za kazi mafundi wenzangu. Nimekwama tangu juzi asubuhi, naombeni msaada.

Niko Morogoro, Kihonda. Mashine yangu ni inveta ya kuchomelea ya ampea 200, ile ndogo ya kuning'iniza begani. Ninayo mwaka mmoja na miezi minne sasa na haijawahi kunisumbua. Juzi nilikuwa naunganisha geti la milango miwili, skwea paipu ya inchi 2. Fremu nilishaishika pointi zote, nikahamia kwenye bawaba, hapo moto ukaanza kufifia. Sasa hivi nikiparuza rodi inatoa vicheche vidogo kama kiberiti kilicholowa, halafu inanata. Nikiing'oa naikuta ncha nzima, haijayeyuka hata kidogo. Nimepandisha kutoka ampea 80 hadi 160, hali ni ileile.

Taa ya kijani inawaka, ya njano ya hitilafu haiwaki, feni inazunguka kama kawaida. Rodi ni geji 12, pakiti nimefungua siku hiyohiyo. Nimehamisha soketi, nimebana upya holda inayoshika rodi, wapi.

Mteja ameshanilipa nusu na nyumba yake iko wazi, kila usiku analipa mlinzi kwa sababu yangu. Fundi wa vifaa vya umeme hapa jirani ameitazama kwa nje tu akasema bodi imeungua, nimpe 120,000 aifungue. Hiyo ndiyo hela yangu ya kununulia chuma cha kazi inayofuata. Kabla sijaitoa nataka kujua kama kweli ni bodi.

chuma_na_moto

Pole sana mwanangu. Hiyo hela usiitoe bado.

Kwanza niambie umeme unaufikishaje kwenye mashine. Kama ni ekstensheni, ina urefu gani na waya wake ni wa ngapi? Watu wengi hawapigi hesabu hii. Ekstensheni ya mita 50 yenye waya wa milimita za mraba 1.5, umeme unaenda mita 50 na kurudi mita 50, kwa hiyo unapita kwenye mita 100 za shaba. Huo ni ukinzani wa omu 1.2 hivi. Mashine ikivuta ampea 20, zaidi ya volti 20 zinaishia njiani. Mtaa wenu ukiwa umeshashuka hadi 195 jioni, mashine inabaki na 170 na kitu. Taa itawaka, feni itazunguka, moto hupati. Na kama ekstensheni umeiacha imeviringishwa kwenye kibao chake, ifungue yote, maana hapo inapikika.

Pili, rodi ikinata, je, inakuwa nyekundu? Nijibu hilo kwa makini.

juakali_nakuru

Fundi, erthi, ule waya wa klampu unaobanwa kwenye chuma, umeifunga wapi? Hapa Nakuru paipu nyingi zinakuja zimepakwa redoksaidi tayari, na klampu ukiibana juu ya rangi umeme haupiti vizuri. Piga grenda mpaka uone chuma cheupe, na meno ya klampu pia uyasafishe kwa brashi ya waya.

Halafu fanya hivi: hilo geti liache kando kabisa. Chukua kipande cha flati baa, kisafishe, kibane kwenye klampu yenyewe, uparuze rodi hapohapo. Ikiwaka, shida iko kwenye geti. Ikikataa, shida iko kwenye nyaya au mashine. Nusu dakika tu na hulipi mtu.

Unyevu wa rodi mimi siuweki mbele. Geji 12 za kawaida zikiwa na unyevu kidogo hulia na kurusha sana, lakini zinawaka. Rodi za aina ya 7018 ndizo zinahitaji kukaushwa kwa moto mkali.

spana14

Fungua mashine uangalie transista zilizoshikwa kwenye ile aluminiamu ya kupozea. Ukiona moja imepasuka au imeweka weusi, umepata jibu. Ni skrubu nane tu.

chuma_na_moto

Ndugu yangu spana14, ushauri huo usimpe mtu usiyemjua. Ndani ya inveta kuna kapasita kubwa zinazokaa na volti zaidi ya 300 za moja kwa moja, na zinaweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Nilishamwona kijana akitupwa ukutani na mashine iliyokuwa imechomolewa, bisibisi ikabaki na tundu kwenye ncha. Kufungua ni hatua ya mwisho, na afungue anayejua kuzitoa chaji. Isitoshe, transista zikishafa mara nyingi taa ya njano inawaka au mashine inakata swichi ya ukutani. Kwake hayo hayapo.

fundi_kihonda

Shikamoo mzee. Asanteni wote. Nimefanya mlivyosema.

Ekstensheni nimeiondoa, nimechomeka moja kwa moja ukutani, mita inasoma 218. Erthi nimeifunga kwenye chuma kilichopigwa grenda. Kipande cha flati baa kimekataa vilevile. Rodi ikinata haiwi nyekundu, hata vuguvugu haipati, nimeishika kwa mkono mtupu baada ya kuzima.

Halafu nimepima kwa mita. Kwenye matundu mawili ya mbele ya mashine napata volti 67. Kati ya holda na kile kipande cha chuma napata 66. Kwa hiyo nyaya ni nzima, si ndiyo? Hapo ndipo nimeanza kuamini ni bodi kweli.

chuma_na_moto

Marahaba mwanangu. Umepima vizuri, ila hapo mwisho mita imekuficha jambo.

Mita haivuti umeme wa maana, inaonja tu. Waya wako ukiwa na nyuzi mia kadhaa ndani na zote zimekatika isipokuwa tatu, hizo tatu zinatosha kuionyesha mita volti 66. Ukidai ampea 80 zipite hapo, hazipiti. Sisimizi anavuka kwenye kamba, lori halivuki. Kwa hiyo 67 kwenye matundu ni habari njema kuhusu mashine, lakini 66 kwenye holda haijakuambia chochote kuhusu waya. Waya wa kuchomelea unapimwa ukiwa na mzigo.

Fanya hivi. Weka 80. Bonyeza rodi kwenye chuma makusudi, iache inate, hesabu hadi nne. Zima mashine swichi ya nyuma. Halafu papasa nyaya zote mbili kwa kiganja, polepole, kuanzia kwenye plagi ya mashine, kila inchi. Sehemu itakayokuwa na joto kuliko nyingine ndiyo yenye ugonjwa. Mara nyingi ni shibiri moja kutoka kwenye klampu, au pale waya unapoingia holda, au kwenye plagi ya kuzungusha ambayo haikukaza.

fundi_kihonda

Mzee, nimeipata. Mikono inatetemeka nikiandika.

Kwenye plagi, baridi. Katikati, baridi. Nilipofika karibu na klampu ya erthi, kama shibiri moja hivi, joto la kikombe cha chai. Nikaukunja waya pale, ukakunjika kama utambi, wakati sehemu nyingine zote ni ngumu. Nikanusa, mpira ulioungua. Ndipo penyewe ninapoukunja kila jioni ninapoutundika kwenye msumari wa banda.

Nimepasua ganda kwa kisu. Nyuzi zimekuwa nyeusi, nyingine zimegeuka unga ukamwagika kiganjani. Nilizozikuta nzima hazikufika kumi. Na kitu kingine: nimekwangua uzi mmoja kwa kisu, juu ni rangi ya shaba, ndani ni mweupe. Ni aluminiamu iliyopakwa shaba! Mwaka na miezi minne nilikuwa najua ni shaba tupu.

Nimekata hadi kwenye nyuzi zinazong'aa, nimefunga kichwa kipya cha shaba, nikakaza klampu kwa spana. Nikaweka 80, nikaparuza mara moja tu. Umewaka moto mweupe, wa kutulia, ule mlio wa kukaanga samaki. Bawaba zote nne zimeshika. Saa kumi jioni tumelibeba geti na kijana wangu tukaenda kulisimamisha.

Swali moja limebaki. Waya wa holda ni wa aina ileile, bado haujaonyesha shida. Niuache au niutoe?

juakali_nakuru

Hongera sana fundi! Utoe. Huo wa holda ndio unaopindwa kila dakika kuliko wa erthi.

chuma_na_moto

Utoe. Nunua wa shaba tupu wa milimita za mraba 25, mita tatu kila upande, na dukani kwangua uzi mmoja kabla hujalipa. Msumari nao ung'oe, weka kipande cha bomba la inchi 4 ukutani uwe unauviringisha waya hapo.

fundi_kihonda

Bomba lipo, lilibaki kwenye kazi ya choo. Kesho asubuhi nalifunga kabla sijawasha mashine.