Mume ni askari wa Marekani na anapelekwa Ujerumani: nimfuate moja kwa moja au nisubiri kadi ya kijani?

Binti_Walukuba:
Salaam wakubwa kwa wadogo. Nimekwama na usingizi sipati. Mume wangu yuko jeshi la Marekani na ameandikiwa uhamisho wa kwenda Ujerumani miezi mitatu ijayo. Ndoa tulifunga mwezi wa pili kwa CAO, mtendaji mkuu wa wilaya, hapa Jinja, cheti ninacho. Ombi langu la uhamiaji kama mke wake, ile fomu I-130, ameshaituma. Swali langu ni moja tu: nimfuate Ujerumani moja kwa moja, au nikae huku mpaka viza ya uhamiaji itoke? Nasikia mke wa askari aliyepangiwa nje hupewa uraia bila kungoja ile miaka mitatu. Ni kweli? Wanaojua tu ndio wajibu, kejeli pelekeni kwingine.

Hajati_Mbale:
Hongera ya ndoa kwanza. Ujerumani ni baridi, dada. Pitia Owino ununue koti zito kabla hujaondoka, tena lenye kofia. Na unga wa kalo ubebe.

Karatasi_Kwanza:
Ni kweli, ila watu huisikia nusu. Kifungu chenyewe ni 319(b) cha sheria yao ya uhamiaji. Kinamruhusu mke au mume wa raia wa Marekani aliyepangiwa kazi ya serikali nje, jeshi likiwemo, aombe uraia bila kutimiza miaka yoyote ya ukaaji. Nusu inayosahaulika ni hii: lazima mwombaji awe tayari na ukaaji wa kudumu, yaani kadi ya kijani. Kifungu kinafuta miaka ya kungoja, hakifuti kadi. Na amri ya mume iwe imebakiza angalau mwaka mmoja nje siku unapotuma N-400, fomu ya kuomba uraia. Mtihani wa Kiingereza na wa uraia utaufanya kama wengine.

Sasa nijibu: mumeo ni raia, au naye ana kadi ya kijani?

MzeeWaBombo:
Mabinti wa siku hizi mume akihama wiki hii, wiki ijayo wanataka tiketi. Wake wa askari wetu waliopelekwa Mogadishu tangu 2007 walikaa hapa hapa Bombo wakalea watoto, hakuna aliyeomba viza ya kumfuata mume vitani. Subira ni sehemu ya ndoa ya mwanajeshi.

Ssebo_Kawempe:
Mzee, Ujerumani si vitani. Wanakunywa bia huko.

Binti_Walukuba:
Asanteni. Karatasi_Kwanza, mume wangu yuko jeshini mwaka wa pili sasa, ana kitambulisho cha jeshi, bima, kila kitu. Hilo si tatizo. Nilichotaka kujua ni kama niende moja kwa moja.

Karatasi_Kwanza:
Sikuuliza kitambulisho. Jeshi la Marekani linaandikisha hata wenye kadi ya kijani. Raia au si raia?

Binti_Walukuba:
Ni Mganda mwenzetu, alienda kwa bahati nasibu ya kadi ya kijani. Uraia bado. Lakini wanasema askari huupata upesi, kwa hiyo sikuona haja ya kuandika.

Karatasi_Kwanza:
Haja ipo, tena kubwa. Mume asipokuwa raia, 319(b) haikuhusu kabisa, na I-130 yako iko kundi la F2A, yaani la wake, waume na watoto wa wenye kadi ya kijani. Kundi hilo lina foleni yake, tarehe zinatangazwa kila mwezi na zinasogea kwa kujikokota. Mke wa raia hana foleni ya namna hiyo, anangoja karatasi zake tu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni ya mumeo. Atume N-400 yake chini ya kifungu 329, kile cha wanaotumikia jeshi wakati wa uhasama, na kipindi cha sasa cha uhasama kinahesabiwa tangu Septemba 11, 2001. Askari halipi ada hata senti. Aambatanishe fomu N-426 ya kuonyesha utumishi wake jeshini, ambayo inathibitishwa na ofisi ya utumishi ya kikosi chake, si na rafiki yake wa chumbani. N-426 iliyokosa sahihi ya afisa mwenye mamlaka ndiyo inayorudisha faili nyingi nyuma. Aanze sasa, kabla mizigo haijafungwa. Anaweza kuapishwa hata akiwa nje, ila barua hupotelea njiani anwani zinapobadilika.

Akishapata cheti cha uraia, atume nakala yake kule ombi lako liliko ili likupandishe kuwa mke wa raia.

Wakili_Mchangani:
Kabla hamjafika mbali. Dada, una mtoto au watoto walio chini ya miaka 21? Nauliza kwa sababu F2A na kundi la mke wa raia zinawatendea watoto tofauti kabisa.

Kasese_Boy:
Samahani kuingilia, bahati nasibu ya mwaka huu imefunguliwa? Na picha lazima masikio yaonekane?

Ssebo_Kawempe:
Fungua uzi wako, bwana masikio.

Kamata_Uongo:
Mimi naona mnacheza ngoma ya mtu asiyekuwepo. Nimefungua nyuzi za zamani za huyu dada. Mwaka jana aliuliza humu shule ya bweni yenye P3 (darasa la tatu) nzuri upande wa Jinja na Iganga. Leo ni bibi harusi mpya, hana mtoto, na anapoulizwa swali la mtoto ananyamaza. Ama huyu ni dalali wa viza anayekusanya majibu ya bure akawauzie wateja, ama huyo askari ni wa kwenye simu. Matapeli wanaojiita wanajeshi wa Marekani wamejaa mtandaoni. Dada, ameshakuomba pesa ya kulipia likizo yake? Askari halipii likizo popote duniani.

Hajati_Mbale:
Hee! Kumbe ndiyo maana hakujibu la koti.

MzeeWaBombo:
Nilihisi tangu mwanzo.

Binti_Walukuba:
Mimi si dalali. Mume wangu yupo, tumekuwa pamoja tangu akiwa anaendesha boda hapa Jinja, na namba ya risiti ya I-130 ninayo, inaanza na IOE. Siwezi kuibandika hapa mkaichezea.

Ndiyo, nina mtoto wa kike, ana miaka tisa, yuko kwa mama yangu Iganga. Si wa mume wangu. Hatukumwandika kwenye ombi. Anayetujazia fomu alisema mtoto atachelewesha mambo na watauliza maswali ya baba yake. Tulipanga nikishatulia nitamchukua. Na jamani msinihukumu, kazi ya SACCO nimeshaiacha, nyumba nimeshatoa notisi, na nimelipia mtu anishughulikie viza ya utalii ya Ujerumani. Nikishafika huko, mume atanyoosha mambo kambini. Hiyo ndiyo hali.

Wakili_Mchangani:
Sasa tunaongea. Kwanza la hapa nyumbani: baba wa mtoto alilipa mahari? Ndoa ya kimila Uganda ni ndoa hata kama haikusajiliwa. Kama mliolewana kimila na haijavunjwa, ndoa yako ya CAO ni batili, na I-130 inaanguka pamoja nayo. Kuhusu kurudisha mahari, Mahakama ya Juu ilishasema mwaka 2015 kwamba kudai irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba, kwa hiyo usitishwe na mtu anayedai ng'ombe wake.

Binti_Walukuba:
Hapana. Alifika kwa ssenga (shangazi) tu, kukyala, ile ziara ya kwanza ya kujionyesha. Kwanjula, yaani utambulisho rasmi kwa wazazi, haikufanyika, hakuna mahari iliyotoka. Na jina lake liko kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

Wakili_Mchangani:
Basi hapo uko salama. Cheti cha mtoto kiwe cha NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili, si kadi ya chanjo wala barua ya mwenyekiti wa kijiji (LC1). Na kwa pasipoti ya mtoto utahitaji ridhaa ya baba yake kwa maandishi pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Mtafute mapema kabla hajasikia neno Marekani, maana likishamfikia bei inapanda.

Karatasi_Kwanza:
Huyo aliyewaambia mumfiche mtoto amewaharibia mara tatu.

I-130 inauliza watoto wote wa anayeombewa, DS-260, fomu ya kuomba viza ya uhamiaji, inauliza tena, na N-400 itauliza tena. Kumdanganya afisa wa viza kwa makusudi, katika jambo linalogusa uamuzi wake, ni zuio la maisha. Kuliondoa ni kwa msamaha wa fomu I-601, na msamaha si haki yako, ni hiari yao. Kwa sasa hujasaini DS-260, kwa hiyo mlango wa kusahihisha uko wazi. Mume aingie kwenye akaunti yake ya I-130, apakie barua fupi iliyosainiwa: mtoto aliachwa, jina lake ni hili, alizaliwa siku hii, cheti hiki hapa. Asiandike insha ya kujitetea.

La pili ndilo linalowaponyoka hata wanaojaza fomu kwa kulipwa. Chini ya F2A mtoto wako angepanda ndani ya ombi lako bila kulipa lingine. Mume akiwa raia, ombi lako linapanda daraja na mtoto anabaki chini, kwa sababu mke wa raia habebi mtu kwenye ombi lake. Lazima mume amtumie mtoto I-130 yake peke yake, kama mtoto wa kambo. Sheria inakubali mradi ndoa yenu ilifungwa kabla mtoto hajafika miaka 18, na wako ana tisa. Ada ni dola 625 mtandaoni au 675 kwa karatasi. Atume siku ile ile anayopata cheti cha uraia.

La tatu: tangu Machi 2020 kuna sheria ya watoto wa wanajeshi na watumishi wa serikali walioko nje. Wewe ukishakuwa raia, na mtoto ana kadi ya kijani, yuko chini ya miaka 18 na anaishi nanyi kambini nje, anakuwa raia papo hapo bila mtihani. Kinachobaki ni kuomba cheti chake kwa N-600. Mtoto mliyemwona mzigo ndiye mwenye njia fupi kuliko nyote wawili.

Binti_Walukuba:
Lakini nikishakuwa Ujerumani si ni rahisi zaidi? Kambi ni ya Marekani.

Karatasi_Kwanza:
Kambi ni ya jeshi la Marekani, ardhi ni ya Ujerumani. Hata ukilala Ramstein, kwa uhamiaji hujaingia Marekani. Kadi ya kijani inaanzia siku afisa anapogonga muhuri kwenye kiwanja cha ndege cha Marekani kwenyewe, ukiwa na viza ya uhamiaji. Ukishaingia mara moja unaweza kurudi kwa mume Ujerumani, na kwa kuwa yuko kwa amri ya jeshi, kukaa kwako nje hakuhesabiki kuwa umeitupa kadi.

Viza ya utalii achana nayo. Inatoa siku 90 ndani ya siku 180, na kuiomba huku nia ni kuhamia ni uongo wa pili juu ya wa kwanza. Kibaya zaidi, ukienda hivyo jina lako halimo kwenye amri ya mume. Njia ya mke wa askari kuapishwa huko huko nje ni ya yule ambaye amri rasmi inamruhusu kuandamana naye, na jeshi huthibitisha hilo kwa fomu DD-1278.

Mume afanye hivi: awasajili wote wawili kwenye DEERS, daftari la jeshi la askari na familia zao, aombe idhini ya kamanda ya kwenda na familia, mpite ukaguzi wa afya wa familia, majina yenu yaingie kwenye amri. Hapo ndipo mtaomba viza ya Ujerumani mkiwa familia ya askari chini ya mkataba wa NATO wa 1951. Faili la uhamiaji mnaweza kuomba likamalizikie ubalozi mdogo wa Marekani wa Frankfurt mkiwa mnaishi huko.

Na tazama kalenda. Askari anayekwenda na familia Ujerumani hupangiwa miezi 36, asiye na familia 24. Toa muda wa uraia wake, toa muda wa viza yenu, kisha kwenye amri lazima uwe umebaki mwaka mzima siku unapotuma N-400. Akienda kwa amri ya miezi 24 peke yake, hesabu haifiki. Wengi hawakosi uraia kwa kunyimwa, wanakosa kwa sababu amri imeisha.

Ssebo_Kawempe:
N-400 ya mke nayo ni bure?

Karatasi_Kwanza:
Bure ni ya askari mwenyewe. Mke analipa dola 710 mtandaoni, 760 kwa karatasi.

MzeeWaBombo:
Na Uganda anaiacha hivyo hivyo?

Wakili_Mchangani:
Haiachi. Uraia pacha unaruhusiwa, sheria yake ni ya 2009, anafuata utaratibu wa Wizara ya Mambo ya Ndani tu. Anachokosa ni vyeo kama urais, uwaziri mkuu na uwaziri.

Ssebo_Kawempe:
Pole dada, uwaziri umekwenda.

Kamata_Uongo:
Mimi bado siamini. Mke aliyefunga ndoa mwezi wa pili hajui kama yuko DEERS?

Binti_Walukuba:
Amini usiamini. Nimempigia sasa hivi. DEERS alinisajili mimi, mtoto hakumsajili. Amri waliyomwandikia ni ya miezi 24, alifikiri familia inaongezwa baadaye. Amenuna kuhusu pesa ya viza ya utalii, anasema nisiipoteze, niende tu.

Karatasi_Kwanza:
Anune. Kesho aende ofisi ya sheria ya kambi, ushauri ni bure kwa askari, na aulize mambo mawili: N-426 inasainiwa na nani, na ombi la kubadilisha amri kuwa ya familia lina siku ngapi kabla ya kuripoti. Wewe nenda NIRA kwa cheti cha mtoto. Cheti cha mwenendo mwema cha Interpol usikikimbilie sasa, kitazeeka kabla hujaitwa kwenye mahojiano. Ila kama uliwahi kukaa nchi nyingine miezi 12 au zaidi ukiwa umeshafika miaka 16, watataka cha polisi wa huko pia, na hicho ndicho huchelewa.

Binti_Walukuba:
Nilifanya kazi Dubai miaka miwili. Hilo nalo nilisahau kusema.

Hajati_Mbale:
Huyu dada ana lingine. Ngojeni.