Rangi ya "rafiki wa mazingira" imebanduka yote kwenye korido ya mamangu, na muuzaji ananiambia ukuta ndio mbaya!

Jamani mtanisamehe nikifoka. Nimekwangua ukuta tangu alasiri, vumbi liko hadi puani, na hasira zangu ziko juu ya hilo vumbi.

Nyumba ni ya mamangu, Mji wa Kale Mombasa, zile za mawe ya matumbawe na chokaa. Ukivuka daka unaingia korido ya mita tisa, upana mita moja na kidogo, dirisha haina. Watu wawili wakipishana lazima mmoja ajibanze ukutani. Nusu ya chini ilipakwa rangi ya mafuta ya kijani miaka hiyo, nusu ya juu ni chokaa. Na mamangu chokaa ilikuwa ishamchosha, kila mgeni mwenye buibui akipita pale anatoka na bega jeupe kama katoka kubeba unga wa ngano. Akasema safari hii anataka rangi ya samli, ya kufutika kwa kitambaa. Mimi nikaongeza sharti langu: mpwa wangu wa miaka sita ana pumu, na chumba anacholala kinafungukia hiyo korido. Rangi isiwe na harufu ya kuua mtu.

Duka silitaji, msinisumbue kuniuliza. Kijana wa kaunta hakusita hata kidogo: "Ami, chukua hii. Hii ni eko, haina harufu, hata mtoto mchanga analala humo humo." Mkebe una jani la kijani kubwa. Nikamuuliza zile kemikali zinazoruka hewani rangi inapokauka, ambazo mikebe mingine huandika VOC, hapa ni gramu ngapi kwa lita? Akanionyesha jani. Nikamwambia jani nimeliona, nataka nambari. Akaugeuza mkebe, akanionyesha jani la upande wa pili.

Hapo ndipo ningetoka dukani. Sikutoka. Hilo langu.

Kuna wenzetu hawauziwi majani. Umoja wa Ulaya tangu 2010 rangi ya maji isiyong'aa ya kuta za ndani haitakiwi kuzidi gramu 30 kwa lita, na ile inayong'aa gramu 100. Ni nambari, unaisoma, unalinganisha mkebe na mkebe. Hata sisi Kenya tunajua kuweka nambari tukitaka, maana kiwango cha risasi, ile madini ya sumu, kwenye rangi kimewekewa kikomo cha sehemu 90 kwa milioni. Sasa hili la harufu ndiyo tunalimaliza kwa kuchora mti?

Halafu ile rangi ya samli haikuja kwenye mkebe. Mkebe ulikuwa mweupe, wakaufungua, wakauweka chini ya mashine, mashine ikatema dawa za rangi ndani, wakafunga, wakatikisa. Baadaye nikisoma najua kwamba dawa zenyewe zinaweza kuwa na kemikali zile zile ulizokimbia. Yaani mkebe unaingia kwenye mashine na jani lake, unatoka na jani lile lile, ndani ni kitu kingine. Nilipomuuliza dawa za mashine nazo ni eko, alicheka.

Na hesabu pia akanipiga. Kuta zangu mbili ukitoa milango ni kama mita za mraba 45. Rangi ya maji kwenye ukuta uliosawazishwa lita moja inapaka kama mita 10 mkono mmoja. Mikono miwili ni lita tisa, kumi hivi. Galoni tatu za lita nne zinatosha na zinabaki. Nimeuziwa tano, kila moja 4,600. Galoni mbili ziko chini ya ngazi mpaka leo, na kwa sababu zishatiwa samli hawazirudishi.

Sasa njooni kwa fundi, maana hapa ndipo roho inaponichemka.

Mimi nimekwenda kazini Shimanzi, nimemwachia nyumba na galoni zangu za eko. Asubuhi ile kaanza na ile nusu ya kijani, msasa mkavu, bila maji, bila kitambaa cha pua, milango ya vyumba wazi. Rangi ya mafuta ya miaka hiyo huwezi kujua ina risasi kiasi gani, na vumbi lake ndilo baya kuliko rangi yenyewe, hasa kwa watoto wanaotambaa na kulamba vidole. Hukwanguliwa kwa msasa wa maji, vyumba vimefungwa, halafu sakafu inapigwa deki si kufagiwa. Mamangu alikuta vumbi la kijani juu ya kawa la chakula.

Akamaliza msasa, akapaka andakoti, ile rangi ya kutangulizia chini. Andakoti gani? Ya mafuta! Aliyobakiwa nayo kwenye kazi nyingine huko Nyali, akaona anitendee hisani. Akaichanganya na tina, ile dawa kali ya kuzimulia rangi ya mafuta, akapaka korido nzima isiyo na dirisha, na brashi akaziosha kwa tina hiyo hiyo na kuimwaga kwenye mtaro wa uani. Mimi nimelipa karibu maradufu ya bei ya galoni ya kawaida ili nyumba isinuke, na nyumba inanuka kama gereji. Nilipompigia akanijibu kwa upole kabisa: "Bosi, eko ni ile ya juu. Chini hakuonekani."

Chini hakuonekani! Saa nane usiku mtoto anatoa mluzi kifuani, tunatafuta tuktuk, hospitali akavutishwa dawa kwa mashine mpaka adhana ya alfajiri. Wiki mbili kalala kwa shangazi yake Kisauni. Huyo mtoto ndiye aliyefanya ninunue eko.

Haya, ikapakwa. Nasema kweli, ilipendeza. Ramadhani watu walikuwa wakiingia wanasifu, mamangu anapita na kitambaa chake anafuta hata pasipo na kitu. Idi ikapita. Masika yakaanza.

Wiki ya pili ya mvua, chini karibu na sakafu yakatoka malengelenge. Nikidhani ni mtoto kamwagia maji. Ukilibonyeza linapasuka, ndani maji na unga mweupe, ukiuonja ni chumvi tupu. Baada ya siku chache rangi inatoka vipande vizima kama ganda la yai la kuchemsha, ukivuta hapa linakuja mpaka kule. Upande wa choo kukaota ukungu mweusi kwa juu ya rangi.

Picha nikamtumia muuzaji. Jibu lake nalihifadhi: "Rangi ni nzuri ami, ukuta wako ndio mbaya."

Ukuta mbaya! Nyumba hizi zilijengwa bila kitu chochote cha kuzuia maji ya ardhini yasipande. Maji yanapanda na chumvi yake, yanafika usoni mwa ukuta, yanakauka kwa hewa, basi. Chokaa inayaacha yapite. Ndio maana inachubuka, ndio maana unaipaka tena kila mwaka. Wewe ukija na rangi ya kufutika, na kufutika kwenyewe ni kwa sababu ina plastiki, maji yanafika pale yanakuta mlango umefungwa. Yanasukuma. Ukuta haujafanya kosa lolote, ulikuwa unapumua ukazibwa pua. Na andakoti ya mafuta ya yule bwana ndiyo iliyozidisha kuziba.

Swali moja tu lilikuwa linatosha kule dukani: "Ami, ukuta wako wa nini?" Tofali la simiti au matumbawe? Una unyevu? Kupima si elimu ya chuo kikuu, unabandika kipande cha nailoni ukutani kwa selotepu pande zote nne, unalala nacho, asubuhi ukikuta matone upande wa ukuta unajua. Hili nimefundishwa na mzee jirani yetu anayekaa barazani, bure, baada ya kupoteza elfu 23 za rangi. Ameniangalia nikikwangua akaniambia, "Mwanangu, ungepaka chokaa tu."

Na kabla hamjanijia na "chokaa ndiyo eko ya asili": mjue chokaa ya zamani ilipikwaje. Matumbawe yalirundikwa juu ya magogo yakachomwa mpaka yakawa unga. Bahari na msitu vyote viliingia tanurini. Kwa hivyo sitaki hotuba za wazee wetu walijua. Na tatizo la buibui la mamangu bado lipo pale pale.

NYONGEZA, saa nne usiku: Mnaoniambia nipake dawa ya kuzuia maji kisha nirudie rangi, hapana. Nikizuia pale chini, maji yatapanda juu zaidi yatokee penginepo. Aliyesema nipige plasta ya simiti, hiyo ni kufunga mlango kwa kufuli kubwa zaidi. Nimekwangua mpaka mawe yanaonekana na nitayaacha yakauke kusi ipulize.

Ninachotaka ni hivi viwili tu. Fundi wa plasta ya chokaa anayejua kazi, awe tayari kufanya mbele yangu. Na kama kuna duka lolote Mombasa linauza rangi ya silikati, ile inayoshikana na jiwe lenyewe na kuacha ukuta upumue, niambieni liko wapi na galoni ni bei gani. Galoni mbili za rangi ya samli zipo, mwenye nyumba ya tofali aje achukue. Jani ni bure.