Mbunge wa vijiji vidogo kaskazini mwa Kanada: ana nguvu au anapiga kelele tu?

Mchora_Ramani:
Wakuu, habari za majukumu. Nimekuwa nikifuatilia vikao vya bunge la Northwest Territories, kule kaskazini mwa Kanada. Nilianza kwa sababu ya ramani, nikanasia kwenye siasa.

Kuna mbunge mmoja wa vijiji vya wenyeji wa asili ambaye kila akisimama anavitaja kimoja kimoja. Hiki hakina muuguzi, kile nyumba zimejaa ukungu ukutani, kule mafuta ya jenereta yanaelekea kwisha. Waziri anasimama, anamshukuru kwa swali zuri, anasema wizara inalifanyia kazi. Kesho yake ni yale yale.

Kinachonichanganya zaidi, hakuna chama tawala wala upinzani. Kila mbunge kaingia kama mgombea binafsi. Sasa mtu asiye na chama nyuma yake, anayetoka kwenye vijiji vya watu mia moja au mia tano, anamtisha nani? Naomba kuelimishwa.

Kuli_wa_Baridi:
Mleta mada, mimi niko Yellowknife, mji mkuu wa huko Northwest Territories, napakia mizigo kwenye ndege zinazokwenda vijijini. Nitakujibu nikiwa upande wa ghala, wasomi watanisahihisha.

Anza na hesabu. Bunge lina viti 19. Baada ya uchaguzi wabunge wote hukaa pamoja, wakamchagua waziri mkuu kutoka miongoni mwao kwa kura ya siri, kisha mawaziri sita. Toa na spika. Wanabaki 11 wasio na wizara. Kwa hiyo baraza la mawaziri lina watu saba, nje yake wako 11, na hali ni hiyo mwaka hadi mwaka. Hao 11 wakishikamana kuikataa bajeti, haipiti. Wote hukaa kwenye kamati moja ya kudumu ya kuisimamia serikali, na mengi hubanwa huko kabla ya kufika ukumbini. Ule upole wa waziri unaouona kwenye video, mkuu, una sababu zake.

Ila hao 11 si kitu kimoja, na hapo ndipo mbunge wako anapobanwa. Yellowknife peke yake ina viti 7. Miji midogo nayo: Hay River viwili, Inuvik viwili, Fort Smith kimoja. Vinabaki 7 kwa vijiji vyote vilivyosambaa kwenye eneo la kilomita za mraba zaidi ya milioni moja. Na watu wa mjini nao wana hoja: sensa ya 2021 ilihesabu watu kama 41,000, na karibu nusu yao wako hapa Yellowknife. Mwaka 1999 mahakama ilikubali kwamba mji umepunjwa, ndipo viti vikaongezwa kutoka 14 hadi 19. Kwa hiyo mbunge wa kijijini akiomba zaidi, kuna mwenzake wa mjini anayepiga hesabu ya vichwa.

Chukua jimbo la uchaguzi la Nunakput, mwambao wa Bahari ya Aktiki. Mbunge mmoja, vijiji vinne: Tuktoyaktuk, Paulatuk, Ulukhaktok na Sachs Harbour. Tuktoyaktuk ilipata barabara ya mwaka mzima 2017. Vile vingine ni ndege, na tishari wakati wa kiangazi. Sachs Harbour iko kisiwani na ina watu kama mia moja. Kura za kijiji kama hicho hazimnyimi waziri usingizi. Ndiyo maana mbunge anavitaja kwa majina, kimoja kimoja, mpaka viingie kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za bunge. Wewe unaona anajirudia. Mimi naona anamfunga waziri kwa maneno yake mwenyewe, ili mwaka kesho amsomee alichojibu.

Na usidhani mambo anayoyasema ni madogo. Mwaka 2024 maji ya Mto Mackenzie yalipungua mno, matishari hayakufika Norman Wells wala Tulita, makazi ya kando ya mto huo. Vitu ambavyo vingekwenda kwa maji ikabidi vipande ndege, na kwenye ndege ndogo kila kilo ina bei. Mimi nazijua hizo kilo kwa mgongo. Nepi, mayai, betri za pikipiki za theluji, spea za tanuru la kupashia nyumba joto. Ukungu ukishuka rubani anageuza na mzigo wake, mayai yanarudi kwangu, na kule kuna mama ameshafika uwanjani kuyapokea.

Bi_Rehema:
Kuli kaeleza vizuri. Mimi niongeze kwamba kanuni za bunge ni silaha ya mnyonge kwa anayezijua. Fanyeni rejea kwa Elijah Harper.

Huyu alikuwa wa jamii ya Oji-Cree, alizaliwa Red Sucker Lake, kaskazini mashariki mwa jimbo la Manitoba, na aliwahi kuwa chifu wa huko. Mwaka 1981 akaingia bunge la Manitoba akiwakilisha Rupertsland. Mwaka 1990 viongozi wa Kanada walitaka kubadilisha katiba kwa mkataba unaoitwa Meech Lake, ulioitambua jimbo la Quebec kuwa jamii ya kipekee. Wenyeji wa asili hawakushirikishwa, na waliokuwepo kabla ya wote hawakutambuliwa humo hivyo. Ilibidi majimbo yote 10 yaridhie kabla ya Juni 23, 1990.

Manitoba ilichelewa. Kuleta hoja bila kutimiza siku za notisi kulihitaji ridhaa ya kila mbunge aliyemo ukumbini. Spika akauliza kama wote wanaridhia. Harper, ameshika unyoya wa tai, akajibu hapana. Siku zilizofuata, hapana tena. Kiongozi wa chama chake mwenyewe alikuwa anauunga mkono ule mkataba! Muda ukaisha, jimbo la Newfoundland nalo likaacha kupiga kura, mkataba ukafa.

Mzee_wa_Hoja:
Dada Rehema, mfano wako mtamu lakini unatupeleka pembeni. Kuzuia ni rahisi kuliko kujenga. Harper alihitaji neno moja na saa ya ukutani. Huyu wa vijijini anahitaji muuguzi akubali kuishi mahali penye giza wiki nzima nzima za Desemba. Nionyesheni kitu kilichojengwa kwa sababu mbunge wa vijiji alisema. Hotuba hazipashi nyumba joto.

Kuli_wa_Baridi:
Mzee, shikamoo. Barabara ya Whatì, kijiji cha wenyeji wa asili wa Tłı̨chǫ. Kilomita 97, ilifunguliwa Novemba 2021. Kabla ya hapo Whatì walikuwa na ndege, na barabara ya barafu inayodumu sehemu tu ya mwaka. Sasa lori linatoka hapa mjini muda wowote. Mimi nilipoteza mizigo ya njia hiyo na sikulalamika.

Lakini sitakudanganya kwamba ni kazi ya mbunge peke yake. Watu wa Tłı̨chǫ wana serikali yao tangu 2005, wana ardhi yao ya kilomita za mraba 39,000, na walikaa mezani kama serikali. Mbunge alipozungumza bungeni, nyuma yake palikuwa na mtu mwenye mhuri. Kijiji kisicho na serikali ya namna hiyo kinabaki na mdomo wa mbunge na ile kamati ya watu 11. Hapo nakubaliana nawe, kazi ni ngumu.

Mchora_Ramani:
Shukrani wakuu. Swali dogo la nyongeza kwa Kuli: kama Tłı̨chǫ wana serikali yao, mbunge wao bungeni anagombania nini tena?

Kuli_wa_Baridi:
Barabara kuu, hospitali, nyumba za umma. Ardhi ni ya Tłı̨chǫ, lakini nyumba nyingi za kupanga zilizoko juu yake ni za shirika la nyumba la serikali ya Northwest Territories. Tanuru likizima Januari, swali linaulizwa huku bungeni. Na mbunge akitaka anaweza kuliuliza kwa Kitłı̨chǫ, ni moja ya lugha rasmi 11 za huku, wakalimani wapo. Waziri asiyeijua lugha hiyo anavaa kisikilizio.