Seti za kroshia za watoto wachanga katika joto la Mtwara: nitumie uzi gani na vipimo gani?

Mfumaji wa Shangani (Mtwara mjini)

Assalaam alaikum, na heri ya jioni kwa wasio wa salamu hiyo.

Ninafuma kroshia nyumbani, hapa Shangani. Kwa miaka mingi nilifuma vitambaa vya makochi na vya meza kwa ajili ya nyumba yangu na za mawifi zangu, lakini tangu mwaka jana majirani wamekuwa wakiniagiza seti za watoto wachanga, yaani kofia, soksi na kishali, hasa kwa ajili ya siku mtoto anapotimiza arobaini na kutolewa nje kuonwa na jamaa. Kazi hii naipenda kwa moyo wote, na ndiyo maana jambo lililotokea mwezi uliopita limeniumiza.

Mama mmoja alinirudishia seti nzima. Hakuja kwa ukali. Alinionyesha tu picha ya mtoto kwenye simu, paji la uso na shingo vimejaa vipele vya joto, akaniambia kwamba kila anapomvika kofia ile mtoto hulia mpaka ivuliwe. Nilimrudishia fedha zake, nikabaki nimeishika seti ile mkononi bila kujua niifanyeje. Niliifuma kwa uzi wa sweta, ule wa akriliki unaouzwa kwa madonge, kwa sababu ndio ulio rahisi kupatikana madukani hapa na una rangi nyingi za kupendeza.

Naomba kufahamishwa na wenye uzoefu wa pwani yetu hii: nitumie uzi gani ambao hautamchoma mtoto kwa joto? Naomba pia vipimo, kwa sababu mimi hukadiria kwa macho, na matokeo yake ni kwamba kofia moja hubana na nyingine humshukia mtoto mpaka puani. Na kama hamtachoka nami, nieleweshwe kuhusu vitambaa vya duara vya meza: ninapofika mzunguko wa nane au wa tisa ukingo huanza kufanya mawimbi na kitambaa hakitulii tena mezani, ingawa nafuata mkono uleule niliofundishwa na mama.

Bibi wa Lindi mjini

Wa alaikum salaam, mwanangu. Umefanya vema kumrudishia mwenzio fedha yake, na umefanya vema zaidi kuuliza.

Akriliki ni uzi wa kiwandani unaotokana na mafuta ya petroli, na tabia yake kubwa ni kwamba haunywi maji. Jasho la mtoto hubaki juu ya ngozi, kofia hulizuia lisikauke, na hapo ndipo vipele vinapoanza. Sisemi kwamba uzi huo ni mbaya, maana hauchakai upesi, haupungui ukifuliwa na bei yake ni nafuu; nasema tu kwamba kuanzia Novemba mpaka Machi, kaskazi inapovuma na hewa ya pwani imejaa unyevu, si uzi wa kuugusisha ngozi ya mtoto wa siku arobaini. Mfumie kwa pamba. Pamba hunywa jasho na kuliachia likauke, na kila inavyofuliwa ndivyo inavyozidi kuwa laini.

Lakini pamba ina madai yake, nawe uyajue kabla hujaanza. Haivutiki kama akriliki, kwa hiyo kofia ya pamba iliyofumwa kwa kukaza mkono haimsamehe mtoto hata kidogo. Legeza mkono, au panda sindano namba moja. Kama ulikuwa ukitumia ya milimita 3, chukua ya 3.5. Pia pamba hurudi kidogo inapofuliwa mara ya kwanza. Mimi huanza kwa kufuma kipande cha mraba cha sentimita 10 kwa 10, nakifua, nakianika kivulini, kisha nakipima upya, na tofauti ninayoipata ndiyo ninayoiongeza kwenye kazi yenyewe. Najua wafumaji wengi huona kipande hicho ni kupoteza uzi. Mimi naona uzi unaopotea ni ule wa kofia nzima isiyomtosha mtu.

Jambo la rangi nalo usilipuuze. Chukua kitambaa cheupe kilicholowa, sugua uzi mpya kwa nguvu, na ukiona rangi imehamia kwenye kitambaa, uzi huo usiufumie kitu ambacho mtoto atakitia mdomoni. Na ukimtuma mtu Kariakoo akununulie pamba, mwagize anunue madonge yote ya kazi moja kwa siku moja na asome karatasi iliyozungushiwa donge, kwa sababu humo huandikwa namba ya rangi na pia namba ya mkupuo wa kutiwa rangi. Weupe wa mkupuo mmoja na weupe wa mkupuo mwingine haulingani, na utaiona tofauti hiyo siku ambayo kishali kimekwisha nusu.

Seti uliyorudishiwa usiitupe. Ifumue, uzi uuzungushie kwenye kiti, uloweshe na kuukausha ili unyooke, kisha ufumie mapambo: pazia la mlangoni, maua ya kubandika kwenye mito, kikapu cha kuwekea nguo za mtoto. Hapo akriliki iko mahali pake. Chunga pasi tu, hasa ya mkaa, kwa sababu uzi huo ukiguswa na joto kali hulegea, hung'aa vibaya, na haurudi tena katika hali yake.

Mkunga mstaafu (Masasi)

Nakubaliana na bibi kuhusu pamba, nami naongeza yale niliyoyashuhudia wodini.

Mtoto aliyezaliwa kwa miezi kamili huwa na mzingo wa kichwa wa takriban sentimita 35. Wengi wako kati ya 33 na 37. Kofia inapaswa kuwa pungufu ya kichwa kwa sentimita 2 hivi ili ishike bila kubana. Kwa hiyo fuma duara la utosi mpaka lifikie upana wa sentimita 10.5, ambalo mzingo wake ni kama sentimita 33, kisha acha kuongeza mishono na ushuke moja kwa moja mpaka urefu kutoka katikati ya utosi hadi ukingoni uwe sentimita 13 au 14. Unyayo wa mtoto wa wiki za mwanzo una sentimita 8 hivi. Kama mteja yupo karibu, mwombe apime kwa utepe wa fundi cherehani. Mtoto wa arobaini si mtoto wa siku ya kwanza, na kichwa chake kimekwisha kukua.

Sasa niseme jambo ambalo wafumaji hawaambiwi. Kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa ukikilinganisha na mwili wake, na sehemu kubwa ya joto lake hupotea hapo. Ndiyo sababu tunamvika kofia mara tu anapozaliwa, na ndiyo sababu mtoto njiti anayebebwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, huvalishwa kofia. Kwa sababu hiyohiyo, mtoto mzima wa afya anayelazwa na kofia katika chumba chenye joto ananyimwa njia yake ya kupoza mwili, na tena kofia ikimteremkia usoni usingizini yaweza kumziba pumzi. Dada yangu, unapomkabidhi mteja seti yako, mwambie wazi kwamba kofia ni ya kutokea nje na ya asubuhi zenye baridi, si ya kulalia.

La soksi ni zito zaidi. Geuza kila soksi nje ndani na ukague uzi uliolegea. Uzi mmoja mrefu uliobaki ndani unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu, ukakaza kadiri mtoto anavyorusha miguu, na kuzuia damu kufika kidoleni. Mtoto hulia, wazazi hudhani ni tumbo, na hakuna anayemvua soksi kuangalia. Kwa hiyo pia sipendi vishali vyenye matundu makubwa ambamo kidole kinaweza kunasa, sipendi shanga wala vifungo kwenye nguo za mtoto wa chini ya mwaka, na kamba ndefu za kufunga chini ya kidevu naomba ziachwe kabisa. Mfumie ukingo unaovutika badala ya kamba.

Mwalimu wa hesabu (Nachingwea)

Nijibu la kitambaa chenye mawimbi, kwa kuwa ni swali la hesabu kabla ya kuwa la mkono.

Duara linapokua kwa mzunguko mmoja, mzingo wake huongezeka kwa kiasi kilekile kila mara, yaani kimo cha mshono mara 6.28. Kama mshono wako ni mfupi, ambao kimo chake kinakaribiana na upana wake, unahitaji kuongeza mishono 6 katika kila mzunguko. Kama ni mshono mrefu, ule wa kuzungusha uzi mara moja kwenye sindano kabla ya kuingia kitanzini, kimo chake ni kama mara mbili ya upana, kwa hiyo unaongeza 12: mzunguko wa kwanza mishono 12, wa pili 24, wa tatu 36, wa nne 48, na kuendelea. Ukiongeza pungufu ya hapo, kitambaa hujikunja kama bakuli, na hivyo ndivyo kofia inavyopatikana. Ukizidisha, ukingo hupata urefu usio na mahali pa kukaa, nao hujitafutia nafasi kwa kupanda na kushuka. Hesabu mishono ya mzunguko wako wa saba na wa nane. Nina hakika utakuta tofauti inayozidi 12. Cheni unazoruka kati ya maua nazo zihesabu, maana nazo huchukua nafasi kama mishono.

Nisiache kukueleza kwamba mawimbi hayo yana heshima yake. Mwaka 1997 Daina Taimina, mwanahisabati wa kutoka Latvia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, alifuma kwa kroshia umbo ambalo wanahisabati walikuwa wakihangaika kulionyesha kwa karatasi zilizochanika kila mara, na alilipata kwa kuongeza mishono kwa uwiano usiobadilika mpaka kitambaa kikajaa mawimbi. Nimewahi kuomba kitambaa kilichoharibika namna hiyo kwa mke wangu nikakipeleka darasani.

Mfumaji wa Newala

Mimi naomba kutofautiana kidogo na bibi. Kwa Mtwara mjini na Lindi, pamba, sina ubishi. Lakini huku kwetu juu ya uwanda wa Makonde, Juni mpaka Agosti asubuhi zina ukungu na upepo wa baridi, na sweta la akriliki linalovaliwa juu ya fulana ya pamba linamfaa mtoto. Dada wa Shangani, kama una uzi mwingi wa sweta, fuma masweta mwezi wa nne na wa tano uyalete Newala, kuliko kuyabakiza kwenye sanduku.

Hukuuliza bei, lakini pamba ni ghali zaidi, na usipojipanga utafuma kwa hasara. Pima donge kwenye mizani ya jikoni kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Kama donge la gramu 100 ulilinunua kwa shilingi 6,000 na umetumia gramu 70, uzi wako ni shilingi 4,200. Kisha andika saa ulizokaa, uzilipe. Kofia na soksi zikikuchukua saa 6, na saa yako ukaithamini kwa shilingi 1,500, hiyo ni 9,000 nyingine. Ukiuza seti kwa 8,000 kwa sababu jirani amesema ya dukani ni bei hiyo, basi umefanya kazi kwa chini ya shilingi 650 kwa saa. Ya dukani imefumwa kwa mashine. Kroshia yako kila mshono wake umepita mkononi.

Na wateja wakikuomba uwakopeshe mpaka korosho zao ziuzwe, mimi kwa upande wangu nachukua nusu mbele. Minada huanza Oktoba, malipo hufika baadaye, na uzi wa seti inayofuata haungoji.

Mfumaji wa Shangani (Mtwara mjini)

Shikamoo bibi, shikamoo mama mkunga. Nawashukuru wote. Nimehesabu kama mwalimu alivyoagiza: mzunguko wa saba una mishono 84, wa nane una 104. Kumbe tangu hapo nilikuwa nikiongeza 20 kwa kuona kwamba ua linapendeza zaidi likijaa. Usiku huu nimekifumua mpaka mzunguko wa saba.

Seti niliyorudishiwa nimeigeuza nje ndani, na katika soksi ya kushoto nimekuta uzi wa urefu wa kidole changu. Nimeshtuka sana. Mimi hufunga fundo na kukata, basi. Naomba kuelekezwa namna ya kumalizia ncha ili zisitoke, kwa sababu pamba naona inateleza zaidi kuliko uzi wa sweta. Na kitambaa kikishanyooka, nikitie nini ili kisimame?

Bibi wa Lindi mjini

Marahaba, mwanangu.

Fundo peke yake halitoshi. Acha ncha ya sentimita 15, uitie kwenye sindano ya kushonea yenye tundu kubwa na ncha butu, kisha uipitishe ndani ya mishono kuelekea upande mmoja kwa urefu wa vidole vitatu, uruke mshono mmoja na urudi nyuma, kisha uende tena mbele. Ni ule mrejeo unaoushika uzi. Kivute kitambaa kwa mikono miwili kabla hujakata, ili ncha ijivute ndani yenyewe, ndipo ukate. Kwa soksi, mimi huzipitisha ncha zote upande wa nje, chini ya ukingo wa juu, mbali kabisa na vidole.

Kitambaa cha meza kitie wanga wa muhogo. Koroga kijiko kimoja katika maji baridi, mimina kwenye maji yanayochemka mpaka upate uji mwembamba unaong'aa, uache upoe, kichovye kitambaa na ukikamue bila kukisokota. Kitandaze juu ya ubao uliofunikwa taulo, ukibane kwa pini pande zote kuanzia katikati, na ukiache mpaka kikauke. Wako wanaotumia maji ya sukari, lakini kwa unyevu wa huku sukari hurudi kunata, na sisimizi huifuata mezani.