Natafuta dume la kulungu msitu wa Maine, mwaka wa tatu natoka kapa. Wazoefu njooni

Mtoto_wa_Kasulu
Habari wakuu. Mimi wa Kasulu, niko Lewiston, jimbo la Maine, Marekani. Huu mwaka wa tatu nawinda hawa kulungu wa mkia mweupe kwenye ardhi ya jimbo, Bigelow Preserve, ekari kama 36,000, milima, misonobari na vinamasi. Majike nawaona. Dume la maana, sijawahi. Kuna mzee mmoja nimemwekea nia: Aprili nilimwona nyuma ya kinamasi, pembe kama matawi ya mwembe. Wiki ya tatu ya Novemba nimtafute wapi? Na kule simu inashika? Upepo nao unanichanganya.

Supu_Saa_Kumi
Mbuzi wa buchani hana habari na upepo, mkuu.

Nyayo_za_Theluji
Niko Vermont. Misitu mikubwa ina kulungu wachache, na dume msimu wa kupandana hatulii, kutwa anasaka majike, anaweza kutoka mlima huu kwenda ule. Ukimvizia sehemu moja utaganda bure. Ngoja theluji ianguke usiku, alfajiri pita barabara za malori ya magogo mpaka ukute unyayo mpana unaoburuza ncha za kwato hata theluji ikiwa ya vidole viwili. Jike kwenye theluji kama hiyo hunyanyua mguu. Angalia na miti aliyosugua pembe: mti mnene kama paja lako haukusuguliwa na kijana. Vaa rangi ya chungwa, fulana na kofia, ni sheria. Simu ya nini porini?

Mama_Tumaini
Hata mimi hiyo simu imenigusa. Unasubiri nani akupigie?

Mtoto_wa_Kasulu
Kawaida tu jamani, usalama.

Mjomba_Mpanda
Babu yangu alikuwa na gobore. Aliaga siku tatu, akarudi siku ya kumi na moja na kobe mmoja. Mpaka leo kijijini sisi ni "wale wa kobe". Sina ushauri, nimekumbuka tu.

Mama_Tumaini
Mtoto wa Kasulu, hujanijibu.

Mtoto_wa_Kasulu
Haya. Mke wangu ni mjamzito, daktari kaandika tarehe 17 Novemba. Kabla hamjanirushia mawe: mtoto wa kwanza alichelewa siku tisa. Mdogo wake mke wangu kaja kutoka Portland, anakaa nasi. Kazini likizo nimeshapewa, ni wiki hiyohiyo, haihamishiki. Na nimenunua kifaa cha setilaiti cha kutuma meseji. Kutoka kule mpaka nyumbani saa mbili na kitu tu.

Mama_Tumaini
Likizo uliombea mtoto au kulungu?

Mtoto_wa_Kasulu
Kwenye fomu niliandika mtoto.

Papa_Uvira
Ndugu, bibi yako iko na mimba, na weye unafwata nyama? Miye nanyamaza.

Fundi_Saa
Wakuu mnapoteza muda, hii chai, tena ya maziwa. Madume hao huangusha pembe kuanzia Desemba, mpaka Machi wengi vichwa vitupu. Hayo matawi ya mwembe ya Aprili uliyaona wapi?

Supu_Saa_Kumi
Lete na maandazi 😂

Mtoto_wa_Kasulu
Sawa, sikumwona yeye. Niliokota pembe yake moja, iliyodondoka. Iko juu ya friji. Ncha tano, na pale chini nikizungusha kidole gumba na cha shahada havikutani. Panya wa porini walishaanza kuitafuna, ina alama za meno ubavuni. Binti yangu anaitumia kumchana mwanasesere.

Fundi_Saa
Picha.

Mtoto_wa_Kasulu
Nikiwasha taa ya jikoni mke ataamka.

Fundi_Saa
Chai.

Nyayo_za_Theluji
Mimi namwamini. Mtunga chai asingekumbuka meno ya panya. Ila mkuu, tarehe 17 siyo mwisho wa dunia. Bunduki ni mpaka Jumamosi baada ya Thanksgiving, ile sikukuu ya mwishoni mwa Novemba, halafu unafuata msimu wa gobore. Na Jumapili Maine hakuna kuwinda kabisa, ungekuwa unalala tu kwenye hema.

Mjomba_Mpanda
Gobore! Babu amka.

Mtoto_wa_Kasulu
Gobore sina. Na upepo hakuna aliyenijibu.

Nyayo_za_Theluji
Hewa ya baridi hushuka bondeni asubuhi, jua likikolea hupanda mlima. Kwa hiyo ili dume asinuse harufu yako, asubuhi kaa chini yake, mchana kaa juu yake. Huyo shemeji wa Portland anaendesha gari?

Mtoto_wa_Kasulu
Anajifunza.