Naomba ushauri: mama ana kisukari na mifupa imedhoofika

Habari zenu ndugu. Mama yangu ana miaka 61, hedhi ilishakoma, na ana kisukari aina ya 2. Majuzi aliteleza bafuni, akaanguka kidogo tu, mkono ukavunjika karibu na kiganja. Kipimo cha uimara wa mifupa ya nyonga kimetoa alama T (inayolinganisha mifupa yake na ya kijana mwenye afya) ya -2.7, na kuanzia -2.5 kushuka ni osteoporosisi tayari, yaani ugonjwa wa mifupa kudhoofika.

Ameandikiwa alendronati, dawa ya kuimarisha mifupa, 70 mg mara moja kwa wiki. Anameza asubuhi kabla ya kula chochote, maji matupu glasi nzima, halafu halali kwa nusu saa. Hapo hatuna shida. Kinachoninyima usingizi ni dawa yake ya sukari, pioglitazoni, ambayo inajulikana kuongeza hatari ya kuvunjika mifupa kwa wanawake. Mbona hakuna aliyeligusa hilo? Nimesoma pia kuwa mfupa wenyewe hutoa homoni, osteokalsini, ambayo kwa panya huchochea insulini. Kwa binadamu bado haijathibitika vizuri.

Mliouguza wazazi, na wataalamu mliomo: tuanzie kwa daktari wa kisukari au wa mifupa? Na mazoezi gani yanamfaa huku mkono uko kwenye plasta?