Harley wanakimbiza pikipiki zenye mabegi, kwa nini hawaendi Superbike na wenzao?

KibiriziNyuma
Wakuu habari za saa hizi. Mimi ni boda hapa Kigoma mjini, kijiwe chetu kipo Mwanga, mvua ikishika abiria hakuna basi tunabaki tumejikunyata kwenye kibaraza tunamalizia bando kwenye klipu za mbio za pikipiki. Kuna ligi ya Marekani inaitwa MotoAmerica, ile ya mbio za lami aliyoianzisha Wayne Rainey bingwa wa dunia wa zamani, msimu wa kwanza 2015. Sasa mle ndani kuna madaraja kibao, kuna Superbike ndio la juu kabisa, Supersport, Stock 1000, Twins Cup, halafu kuna kitu kinaitwa King of the Baggers, yani lile dude la Harley la kusafiria lenye mabegi mawili nyuma na kava kubwa mbele, linalazwa kwenye kona mpaka goti la dereva linagusa lami. Aisee nilicheka kwanza halafu nikanyamaza.

Swali langu: Harley ni kampuni ya tangu 1903, ina jina na ina hela, kwa nini timu yake ya kiwanda imekaa huko kwenye mabegi na sio Superbike ambako kuna Yamaha, Ducati, BMW na Suzuki? Jamaa mmoja kijiweni anasema ni uoga tu, wanajua wakipanda juu watachapwa. Mimi nikamwambia kiwanda hakina uoga kina mahesabu, ila nikakosa la kuongezea ndio nimekuja huku. Wajuzi naomba mnisaidie kabla jamaa hajanimaliza.

mtu_wa_reli
Jamaa yako yuko sahihi, ni uoga. Nimemaliza.

FundiIsevya
@KibiriziNyuma salama kaka. Nipo Tabora hapa Isevya, kazi yangu spana na oili, wacha nikueleze taratibu maana huyo wa juu amekuja kuharibu mada.

Cha kwanza jua kwamba kwenye hizi mbio kiwanda hakiamki tu kikatengeneza chochote kikaleta. Pikipiki ya Superbike inatakiwa itokane na ile inayouzwa dukani. Na sheria inasema silinda nne mwisho cc 1000, silinda mbili wanaruhusiwa mpaka 1200. Kwa hiyo swali la kwanza sio unataka kushinda wapi, ni je dukani kwako una kitu gani? Yamaha ana R1, BMW ana M1000RR, Suzuki ana GSX-R1000, wao mzigo upo tayari. Mwangalie Ducati, Panigale V4 ya kawaida ina cc 1103, imeshapita kikomo, haiingii. Ikabidi watengeneze nyingine inaitwa V4 R yenye cc 998 kwa ajili ya sheria tu. Hiyo ndio Josh Herrin aliyochukulia ubingwa wa Superbike 2024, na Ducati alikuwa hajaugusa ubingwa huo Marekani tangu 1994 alipochukua Troy Corser. Miaka 30 kaka! Sasa piga hesabu ya hela iliyopita hapo katikati.

Sasa Harley. Watu wengi hawajui kwamba Harley ALISHAWAHI kwenda Superbike. Pikipiki iliitwa VR1000, silinda mbili, maji yanapoza injini, haikuwa na undugu wowote na zile Harley za babu. Ili ikubalike ilibidi wauze 50 za barabarani, na kwa kuwa ile pikipiki ilikuwa haipiti vigezo vya Marekani vya moshi na kelele wakaenda kuisajili Poland! Yani pikipiki ya Wisconsin Marekani, nyumbani kwa Harley, inapata kibali cha barabara Poland ili ikashindane saketi ya Daytona huko huko Marekani, mimi hapo huwa nawavulia kofia. Walianza 1994 wakaacha 2001. Miaka yote hiyo hawakushinda mbio hata moja ya Superbike, nafasi ya kwanza ya kuanzia mbio walipata, jukwaani walipanda, ila ushindi hapana. Wenzao kila mwaka wanakuja na injini mpya wao wamebaki na ile ile.

Kwa hiyo uoga sio neno lake. Mtu aliyekwenda akachapwa miaka saba nane akarudi nyumbani huyo sio muoga, huyo ameshapiga hesabu.

mtu_wa_reli
Fundi unazunguka sana. Umesema mwenyewe alichapwa akakimbia akaenda kutafuta ligi ambayo mpinzani ni mmoja tu, Indian, kampuni nyingine ya pikipiki ya Marekani. Mimi nikiandaa ligi ya wawili hapa Tabora stesheni lazima niwe bingwa au wa pili. Huo ubingwa una thamani gani?

DadaCheyo
mtu wa reli wewe hujaziangalia hizo mbio, umesoma kichwa cha habari tu 😂

Kwanza ile ligi ya mabegi haikuanzishwa na Harley. Ilianza 2020 kama mbio moja tu ya mwaliko pale saketi ya Laguna Seca, na aliyeshinda ni Tyler O'Hara kwenye Indian Challenger. Harley akaona mpinzani wake wa dukani kamfunika mbele za watu, mwaka uliofuata akaja na timu ya kiwanda kabisa, Kyle Wyman akachukua ubingwa wa 2021. 2022 Indian wakarudisha, 2023 Harley, 2024 Indian. Mara huku mara kule. Hiyo ndio ligi unayosema mtu anaenda kujishindia kirahisi?

Halafu angalia zile mashine zenyewe kwa karibu, sio kwa kuzicheka. Zina zaidi ya kilo 270 wakati Superbike inacheza kwenye 170. Mabegi lazima yawepo, ukiyatoa umevunja sheria, kwa hiyo mafundi wanayatengeneza kwa kaboni na kuyainua juu kabisa ili yasiburuze kwenye kona. Shokapu zimeinuliwa mpaka pikipiki nzima imekaa kama mbuzi aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Inainuliwa hivyo kwa sababu ile ya dukani ukiilaza kidogo tu vyuma vya chini vinachora lami. Harley anaruhusiwa injini kubwa zaidi kwa sababu yake ni ya mtindo wa zamani, Indian ya maji anapewa ndogo kidogo, hapo ndio wanasawazisha. Na pale Daytona kwenye mnyoofu zinapita 280 kwa saa na mabegi yake. Jaribu kufunga breki kilo zote hizo ukiwa kwenye spidi hiyo ndio uje uniambie habari ya uoga.

Sababu ya kiwanda iko wazi, mbona. Harley hauzi pikipiki ya mbio. Anauza Road Glide, lile dude lenye mabegi, kwa mtu mzima mwenye hela na kitambi anayetaka kusafiri na mke wake nyuma. Yule mtu akiona Road Glide inapita saketi kwa fujo vile, Jumatatu anaenda dukani kuulizia ekzosi, shokapu, kava, kila kitu. Ukimwonyesha Superbike haimhusu.

KibiriziNyuma
Dada Cheyo umenipa silaha, kesho kijiweni mtu analia 😂 asante sana. Na fundi ile ya Poland nimeisoma mara mbili.

Ila kuna kitu hakijanikaa. Kwenye Supersport naona Yamaha R6 ya cc 600 inashindana na Ducati V2 ya cc 955, na Suzuki 750 humo humo. Hapa kwetu vijana wakishindana usiku barabara ya Ujiji, mmoja ana TVS 125 mwingine Boxer 150, ugomvi unaanza kabla hata hawajawasha. Wenzetu wanakubali vipi 955 imkimbize 600? Au kiwanda kikiwa na hela kinaandikiwa sheria?

FundiIsevya
Swali zuri hilo na jibu lake ni kwamba yote mawili ni kweli kwa kiasi fulani.

Sheria mpya za Supersport zilikuja 2022. Zamani zilikuwa zinatawala 600 silinda nne. Tatizo viwanda viliacha kutengeneza 600, hata R6 yenyewe Yamaha waliitoa dukani kama pikipiki ya barabarani baada ya 2020. Sasa ukibaki na sheria ya 600 utakuwa na daraja la pikipiki ambazo hakuna anayeziuza, nani ataleta hela? Ndio wakafungua mlango kwa V2, GSX-R750, MV Agusta 800, Triumph 765. Wanazibana kwa kompyuta ya injini na uzito, ukiwa na cc nyingi kaba haifunguki yote kwenye mizunguko fulani, hata ukinyonga mpaka mwisho. 2022 Herrin akachukua na V2, 2023 Xavi Forés na V2, kelele zikawa nyingi kwamba Ducati kapendelewa, halafu 2024 Mathew Scholtz akaja na R6 ile ile ya zamani akawachapa wote. Kwa hiyo mizani inafanya kazi, ila kila mwaka mtu lazima alalamike.

Sasa hapo kwenye kuandikiwa sheria, kuna kisa cha Buell ambacho mtu wa reli atakipenda.

mtu_wa_reli
Haya leta, nimekaa

FundiIsevya
Buell ilikuwa kampuni ya Erik Buell lakini mwenye mali ni Harley. 2009 wasimamizi wa ligi wakati huo walikuwa DMG, sio hawa wa sasa, wakapanga upya madaraja yote, wakaanzisha linaitwa Daytona SportBike. Ndani yake 600 za Kijapani, na pembeni yake Buell 1125R. Usome vizuri, cc ELFU MOJA MIA MOJA ISHIRINI NA TANO, dhidi ya 600. Hoja yao ilikuwa silinda mbili halafu inabebeshwa uzito zaidi. Watu walipiga kelele huko mpaka basi, kwamba daraja limekatwa kwa kipimo cha Harley. Danny Eslick akachukua ubingwa na hiyo Buell mwaka huo huo.

Halafu Oktoba 2009, ubingwa bado wa moto, Harley akatangaza anaifunga Buell moja kwa moja. Hali ya uchumi ilikuwa mbaya. Mimi sijawahi kuona kampuni inashinda ubingwa na kufa kwa pamoja namna ile.

DadaCheyo
Hapo ndipo mimi nampa mtu wa reli nusu pointi. Nusu tu.

Mwanagungu
Nimechelewa kidogo, nilikuwa ziwani mtandao wa shida. Hakuna aliyemgusa Honda, na naona ndiye mfano mzuri kuliko Harley. American Honda walijitoa Superbike ya Marekani mwishoni mwa 2008, ule mtikisiko wa uchumi, wiki hizo hizo Honda wakatoka na Formula 1. Pikipiki wanayo, CBR1000RR ipo dukani, mafundi wanao, hela wanayo. Ila hela yao Marekani wameipeleka kwenye motokrosi na supakrosi kwa sababu kule ndiko viwanja vinajaa. Kwa hiyo sio lazima usiwe na pikipiki ya daraja husika, unaweza kuwa nayo na bado ukasema wateja wangu hawaangalii huku.

Na Yamaha pia, baada ya 2019 wakaacha kuendesha timu wenyewe wakaikabidhi timu binafsi ya Attack Performance, dereva wao Jake Gagne akachukua ubingwa wa Superbike 2021, 2022 na 2023 mfululizo chini ya mpango huo. Jina Yamaha, kombe Yamaha, ila kusafirisha malori na kulipa mafundi ni kazi ya mtu mwingine.

mtu_wa_reli
Sawa nimewaelewa, Harley sio muoga ni mfanyabiashara. Ila bado nasema apande Superbike nimuone.

DadaCheyo
Hapandi, anashuka nayo dunia nzima sasa. 2025 Harley walitangaza na wenye MotoGP, zile mbio za ubingwa wa dunia, kwamba kuanzia 2026 mabegi yanakimbizwa kwenye wikendi za MotoGP, Ulaya na Marekani. Kibirizi tunza bando.